Kenya na Tanzania: mtandao wa simu unashika wapi, na ununue laini ipi

Kila msimu wa vitunguu, wanunuzi wa Nairobi wanaposhuka Arusha huniuliza swali lilelile: "Huku ninunue laini gani?" Na vijana wa Karatu wanaopanda lori kwenda Nairobi kwa mara ya kwanza huuliza la upande wao: "Kenya laini gani inashika?" La vijana nalijibu kwa neno moja: Safaricom. La wanunuzi linataka maelezo, maana lazima kwanza nimuulize mtu anakwenda wilaya gani, atalala wapi, na simu yake inabeba laini ngapi.

Ukinielewa hapo umeshaelewa tofauti kubwa kuliko zote. Kenya ni nchi ya laini moja. Tanzania ni nchi ya laini mbili. Nitaeleza kwa nini, halafu nitasema nani achague nini.

Nasema haya kama mtu anayeishi kwa simu. Mzigo wetu wa vitunguu hutoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, hupanda Karatu, hupita Makuyuni na Arusha, huvuka Namanga na kushuka kwenye soko la Wakulima Nairobi, ambalo wenyewe wanaliita Marikiti. Bei ya gunia hubadilika usiku mmoja. Aliye mahali ambapo simu haishiki huuza kwa bei ya juzi, na mkulima aliyemwagilia miezi minne ndiye anayeumia. Kwangu mtandao ni kitendea kazi kama mizani.

Asilimia zinasema nini na zinaficha nini

Ukisoma takwimu, nchi zote mbili ziko vizuri. Safaricom, kampuni kubwa ya simu ya Kenya, imeripoti kwamba 4G yake, yaani intaneti ya kasi, inawafikia asilimia 97 ya Wakenya. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, inaonyesha 2G, ile ya kupiga simu na kutuma ujumbe, ikiwafikia takriban asilimia 98 ya watu, na 4G, kufikia katikati ya mwaka 2024, ilikuwa bado chini ya asilimia 90.

Wengi husoma namba hizo na kusema Kenya imeshinda kwa tofauti ndogo. Lakini zitazame vizuri. Ile 97 ya Kenya ni ya kampuni moja. Ukiwa na kadi yake moja mfukoni, asilimia hiyo yote ni yako. Ile ya Tanzania ni ya kampuni zote zikijumlishwa: hapa mnara wa huyu, pale mnara wa yule. Mwenye laini moja tu Tanzania hapati asilimia hiyo. Anapata kipande chake. Ndiyo maana mgeni anaweza kusoma kwamba nchi nzima ina mtandao, kisha akafika kijijini akakaa siku tatu simu ikiwa bubu huku jirani yake akiongea na shemeji yake aliyeko Mwanza.

Jambo la pili ni kwamba asilimia hizi ni za watu, ardhi haimo. Kenya ina takriban kilomita za mraba 582,000, Tanzania takriban 945,000, na katika nchi zote mbili kuna eneo kubwa lisilo na mnara wowote. Swali la maana ni nani anaishi katika eneo hilo.

Chukua sehemu mbili zinazokaribiana kwa ukubwa. Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ina takriban kilomita za mraba 70,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785. Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, una takriban kilomita za mraba 66,000, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.19. Ardhi karibu sawa, watu zaidi ya mara mbili. Tena wamekaa tofauti. Marsabit watu wamejikusanya penye maji na penye barabara: Marsabit mjini, Laisamis, Moyale, Sololo, Loiyangalani. Katikati ni jangwa la Chalbi na nyika ya wafugaji wanaohama na mifugo yao. Lindi vijiji vimetawanyika kwenye korosho na ufuta, kutoka Kilwa hadi Nachingwea na Liwale. Unaendesha kilomita kadhaa unakuta kijiji, unaendesha tena unakuta kingine.

Matokeo yake ni haya. Kenya, ukipoteza mtandao, mara nyingi umeshawapoteza watu pia. Umebaki wewe, ngamia na upepo. Tanzania unaweza kuupoteza mtandao ukiwa katikati ya kijiji chenye shule, zahanati na ghala la chama cha ushirika. Hili linaniuma kuliko lile la kwanza. Mama mjamzito wa nyikani ana haki ileile ya kupiga simu, sibishi, lakini kijiji kizima cha wakulima kukosa mawasiliano ni hasara inayohesabika kila msimu.

Na ramani yenyewe imechangia. Wakenya wengi wanaishi kwenye ukanda mmoja unaoanzia Mombasa, unapita Nairobi na Nakuru, na kuishia Kisumu, Kakamega na Busia. Panda minara kwenye ukanda huo na umeshapata sehemu kubwa ya nchi. Watanzania wamekaa kama punje zilizopepetwa, zimekimbilia ukingoni mwa ungo: Dar es Salaam mashariki, Kilimanjaro na Arusha kaskazini, Mwanza na Kagera kwenye ziwa, Kigoma magharibi, Mbeya kusini. Kuziunganisha pembe hizo lazima uvuke katikati, na katikati ni mbali.

Minara ni ya nani

Kinachoshangaza ni kwamba kampuni kubwa za nchi hizi ni za ukoo mmoja, ule wa Vodafone ya Uingereza. Vodacom Tanzania ilianza huduma Agosti 2000. Safaricom, ambayo Vodafone ilikuwa imeshanunua hisa zake, ilianza Oktoba mwaka huohuo. Mmoja alikua akashika karibu theluthi mbili ya soko la Kenya. Mwenzake Tanzania ndiye aliyeongoza kwa muda mrefu, lakini kwa kama theluthi moja tu, na wengine wanamfuata kisigino kwa kisigino.

Kenya ilianza karne na kampuni mbili tu za simu za mkononi, na ikakaa nazo hadi 2008. Mpinzani wa Safaricom alibadilisha jina mara kwa mara: Kencell, kisha Celtel, kisha Zain, kisha Airtel mwaka 2010. Kila mwenye mali mpya alikuja na mipango yake, na huku Safaricom ikiendelea kusimika minara. Waliokuja baadaye hawakuweza kuifikia. Ile iliyojulikana kama yu iligawanywa mwaka 2014, wateja wakaenda Airtel na mitambo ikaenda Safaricom. Telkom ipo, lakini sehemu yake ya soko imepungua hadi asilimia chache.

Tanzania ushindani ulitangulia. Mobitel ilianza 1994 na baadaye ikawa Tigo. Tangu Novemba 2024 inaitwa Yas. Zantel ilianzia Zanzibar mwaka 1999, na hatimaye ikamezwa na Tigo. Celtel iliingia 2001, leo ni Airtel. Mwaka 2015 wakaja Halotel, kampuni ya Viettel ya Vietnam, na hao walianzia ambako wengine walikuwa wanapaona hapalipi: walitandaza mkongo wao wenyewe, yaani nyaya za kubeba mawasiliano, hadi wilayani na wakaweka minara vijijini kabla ya kugombania mijini. TTCL, shirika la umma, lina mkongo wa taifa na wateja wachache wa simu za mkononi.

Halafu kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Ufahamu jinsi unavyofanya kazi, maana bila hilo ramani ya Tanzania haieleweki. Mfuko huorodhesha kata ambazo kampuni hazina hamu nazo, unatangaza zabuni, na kampuni inayoshinda hupewa ruzuku ijenge mnara. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758. Iligawanywa hivi: Tigo 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104, Halotel 34. Maana yake kata yako inaweza kuangukia kwa kampuni moja na kata ya jirani kwa nyingine, na kati yenu pana mto tu. Aliyepewa kata mara nyingi hana mshindani humo. Ukiwa na laini ya mwingine, umeingia kwenye nyumba usiyo na ufunguo wake.

Kenya nako mfuko wa aina hiyo upo, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Utafiti wake wa mwaka 2016 ulikuta kata ndogo 164 zisizo na mawimbi kabisa, nyingi zikiwa kaskazini, na kampuni zikapewa fedha za kuanza kuzifikia. Lakini kwa msafiri jambo ni jepesi zaidi: unapofika mahali pa mbali Kenya, dau lako la kwanza ni kwamba kama kuna mtandao wowote, ni wa Safaricom.

Siku niliyojifunza kubeba laini mbili

Ilikuwa mvua za Machi. Lori lilizama kwenye tope baada ya kuuacha mji wa Mang'ola, limejaa, na mnunuzi alikuwa Namanga anasubiri karatasi za forodha. Nikatoa simu. Juu pameandikwa: simu za dharura tu. Nikapanda juu ya magunia, nikainua mkono kama wote tunavyofanya, hakuna kitu. Nilikuwa na laini hiyo kwa miaka, mjini haijawahi kuniangusha, na nilikuwa naamini ni ya nchi nzima.

Utingo wetu, kijana wa hukohuko, alikuwa na kitochi chenye laini ya kampuni nyingine. Alinipa bila kusema neno. Ilishika vijiti viwili. Nikapiga, trekta likaja saa ya tatu, na mzigo ukafika ukiwa umechelewa usiku mmoja tu.

Yale maneno "simu za dharura tu" ni habari muhimu, usiyapite. Hayamaanishi hakuna mtandao. Yanamaanisha mnara upo, simu yako inauona, ila si wa kampuni yako. Pangekuwa hapana mnara kabisa ungeandikiwa kwamba hakuna huduma. Tanzania, ukiona maneno hayo, tafuta mtu wa karibu mwenye laini tofauti na yako. Mara nyingi atakuwa anapata.

Siku hiyo pia nilielewa jinsi milima inavyokata mawimbi. Karatu iko juu, Mang'ola iko chini ya ukingo wa bonde la ufa. Mawimbi ya simu hufanana na mwanga wa tochi: mnara ulio juu ya kilima unaangaza mbali, lakini hauwezi kuangaza nyuma ya mlima. Masafa ya chini, kama ya megahezi 800 ambayo Safaricom huyatumia kwa 4G, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya juu huleta kasi lakini huchoka mapema. Nchi yenye mabonde na safu za milima, Usambara, Uluguru, Udzungwa, Livingstone, huhitaji minara mingi kuliko eneo lake linavyoonyesha. Kenya ina mabonde yake huko Baringo, Elgeyo na Suguta, lakini sehemu kubwa ya nyika ya kaskazini ni tambarare, na tambarare mnara mmoja huona mbali.

Barabarani

Dereva asiwe na wasiwasi mkubwa kwenye njia kuu. Nairobi hadi Mombasa unaongea karibu njia yote, pamoja na Tsavo. Nairobi hadi Kisumu na Malaba ni hivyohivyo. Isiolo hadi Moyale zamani ilikuwa safari ya kuaga watu. Lami ilipokamilika minara ikafuata, na sasa kimya kipo kwa vipande. Palipo na tatizo la kweli ni Mandera, Wajir, Garissa na bara ya Lamu kuelekea msitu wa Boni. Huko minara imelipuliwa mara kwa mara na Al-Shabaab, na fundi hawezi kwenda kuirekebisha bila ulinzi. Mji unaweza kukaa bila simu kwa siku kadhaa. Anayekwenda huko kikazi apange mawasiliano ya setilaiti, asitegemee laini yoyote.

Upande wa Tanzania, Dar es Salaam hadi Mbeya simu inashika sehemu kubwa, na hukatikakatika Mikumi na kwenye kona za Kitonga. Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ukiacha lami ndipo hesabu inabadilika: Katavi, Rukwa ya bondeni, Liwale, Malinyi, ndani ya Kiteto. Hapo laini mbili ni lazima, na tatu si dhambi. Juu ya Kilimanjaro, kwa wanaopanda, TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo mwaka 2022, mita 3,720 juu ya bahari. Ni jambo zuri kwa wapagazi na waokoaji, ingawa natamani nguvu hiyohiyo ingefika bondeni kwetu.

Visiwani sina mengi. Unguja na Pemba kunashika karibu kila mahali, kampuni zote. Lamu kisiwani vilevile.

Intaneti: hapa Kenya iko mbele

Kwa kupiga na kupokea simu nchi hizi zinakaribiana. Kwa intaneti, hasa ya kufanyia kazi, Kenya inaongoza, na sioni sababu ya kulizungushia maneno. Safaricom ilianza 4G mwishoni mwa 2014 na 5G ya kibiashara Oktoba 2022. Airtel Kenya ikafuata na 5G Julai 2023. Tanzania, Vodacom ilizindua 5G Septemba 2022, lakini imebaki zaidi Dar es Salaam na miji mikubwa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba minara ya vijijini Tanzania mingi ilijengwa kwa ajili ya sauti. Unaweza kuwa na vijiti vinne na picha moja ya kitunguu ikachukua dakika tatu kwenda.

Tofauti nyingine haionekani kwenye simu: iko chini ya bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kenya intaneti ilizorota, lakini haikusimama, kwa kuwa Mombasa inaingiwa na mikongo mingine inayokwenda kaskazini, kama TEAMS ya kuelekea Fujairah na PEACE. Tanzania ilitegemea zaidi ile miwili iliyokatika, na siku zile benki, mawakala na ofisi nyingi zilikaa zikitazamana. Mkongo wa 2Africa umefika pia Dar es Salaam, na hilo litapunguza hatari. Lakini kwa anayeishi kwa kazi za mtandaoni na anachagua kati ya kupanga nyumba Nairobi au Arusha, ningemwambia tukio lile alipime.

Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, na imewafaa sana wenye kambi za watalii na shule za mbali. Tanzania ilikuwa bado haijaipa leseni mwaka 2024 ulipoisha. Kabla hujapakia dishi kwenye gari na kuvuka nalo, uliza forodha na TCRA.

Pesa kwenye simu

Mtandao ukishika, pesa zinatembea, usiposhika, zimelala. M-Pesa ilianza Kenya na Safaricom Machi 2007, Tanzania na Vodacom 2008. Kenya kila duka, kila bodaboda, kila muuza mahindi ya kuchoma anapokea M-Pesa, kwa hiyo laini moja inakutosha tena. Tanzania soko limegawanyika: M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo Pesa, na HaloPesa. Hii imezaa faida moja ambayo Watanzania hawajisifii inavyostahili. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa mkubwa wa kuwameza wengine, kampuni zilianza mapema, tangu 2014, kuruhusu pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Kenya ilifuata 2018. Wakala wa Tanzania ana simu nne mezani, unamwambia mtandao wako, anachukua simu yako.

Kwetu sisi wa mpakani, tangu 2015 unaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda M-Pesa ya Tanzania moja kwa moja. Kwa hiyo mfanyabiashara anayetoka Nairobi, hata kama huko anakokwenda kampuni nyingine ndiyo inashika vizuri, awe na laini ya Vodacom kwa ajili ya malipo. Na mkulima anayeuza Nairobi vilevile.

Kununua na kusajili

Kenya unasajili kwa kitambulisho, mgeni kwa pasipoti, na unatoka dukani unaongea. Tanzania usajili ni wa alama za vidole tangu Mei 2019, na Mtanzania anahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mgeni hutumia pasipoti, na nakushauri uende duka la kampuni lenyewe, sio kwa kijana anayesajili barabarani chini ya mwavuli, ili usajili wako usije ukafungwa baada ya wiki ukiwa porini. Katika nchi zote mbili piga *106# uone namba zipi zimesajiliwa kwa jina lako. Fanya hivyo siku hiyohiyo. Kuna watu wamebebeshwa laini za matapeli bila kujua.

Nani achague nini

Unakwenda Kenya, popote, kwa muda wowote: Safaricom. Ukikaa mjini na unataka bando za bei nafuu, ongeza Airtel kama ya pili, na mijini itakufaa. Kwa kwenda kaskazini usiihesabu mpaka umeuliza wenyeji.

Unakwenda Tanzania na utabaki Dar, Arusha, Mwanza, Dodoma, Mbeya au Zanzibar: Vodacom, Airtel au Yas, yoyote kati ya hizo, angalia bando na ofa. Hapo wasikuchoshe na mabishano ya nani bora. Tofauti ni ya mtaa kwa mtaa.

Unakwenda kijijini Tanzania: chagua laini ya kwanza kati ya hizo tatu, ya pili iwe ile wenyeji wanayoitaja. Mara nyingi utasikia Halotel, na usishangae. Usiulize "mtandao gani mzuri?" maana kila mtu atakusifia wake. Uliza hivi: "Usiku nikiwa ndani ya nyumba, laini gani inapiga bila kutoka nje?" Bati hupunguza mawimbi, na ramani za kampuni huchorwa kwa mtu aliye nje. Wa kuwauliza ni wawili: mganga wa zahanati, ambaye hupiga simu usiku kuitia gari la wagonjwa, na bodaboda, ambaye anajua mtandao unafia kwenye kona ipi.

Unaweka biashara inayotegemea intaneti saa zote: Kenya, na ndani ya Kenya ule ukanda niliousema. Ukilazimika kuwa Tanzania, basi mjini, na uwe na njia mbili za kampuni mbili zisizotumia mnara mmoja. Hilo la mnara ulikague kwa macho. Vodacom na Tigo waliuza minara yao kwa Helios Towers miaka ya nyuma, kwa hiyo laini mbili tofauti zinaweza kuning'inia kwenye chuma kimoja na kutegemea betri za mahali pamoja. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, zinaweza kuzimika pamoja.

Kabla ya kulipa kodi ya nyumba au fremu ya duka, nchi yoyote, fika pale kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Simama chumba cha ndani, piga simu ya video kwa mtu aliye mji mwingine, muongee dakika kumi. Mchana kila mnara ni mzuri.

Na Namanga, kama Horohoro, Holili na Sirari, simu hukamata mnara wa nchi ya pili kabla wewe mwenyewe hujavuka. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana mwaka 2014 kushusha gharama za simu mipakani, Tanzania haikuwamo kwenye kundi hilo la kwanza, na salio la watu wengi limeishia pale kwenye foleni ya malori. Lori likipita Longido, au likishuka kutoka Kajiado, ingia kwenye mipangilio, zima data ya laini uliyotoka nayo, chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague, kisha washa laini ya upande wa pili ukishagonga muhuri.